Nani atatuwekea nyimbo zetu kwenye kasha?

Katika nyumba za pwani kasha ni chombo cha heshima. Ndani yake huwekwa kanga za harusi, udi, hati ya kiwanja na barua ambazo mwenyewe hataki zipotee. Kitu kisicho na thamani hakiingii kashani. Juma hili, ndugu msomaji, nataka tuzungumzie makasha ya aina nyingine: yale ambayo makampuni ya muziki ya Ulaya na Marekani huyajaza nyimbo za maisha mazima ya mwanamuziki mmoja, yakaongeza kitabu cha picha na maelezo, kisha yakayauza kwa bei ya kumtoa mtu jasho.

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wenye pesa. Siku hizi simu ya mkononi ina nyimbo zote, kasha la nini tena? Swali hilo nitalijibu, lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana jambo hili lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Neno albamu lenyewe lilianzia kwenye kasha. Santuri za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba muziki wa dakika tatu hivi kila upande, na zile sahani kubwa dakika nne na kitu. Kwa wimbo mfupi hapakuwa na taabu. Lakini muziki wa okestra wa Ulaya ulihitaji sahani nyingi. Mwaka 1909 kampuni ya Odeon ilitoa muziki wa Tchaikovsky uitwao Nutcracker kwenye sahani nne zilizouzwa pamoja. Mwaka 1913 Arthur Nikisch na okestra ya Berlin wakarekodi simfoni ya tano ya Beethoven. Baadaye ikawa desturi kuzitia sahani za namna hiyo katika mifuko ya karatasi iliyoshonwa na kujaladiwa pamoja, mfano wa albamu ya picha. Watu wakaziita albamu. Sahani moja yenye nyimbo kumi au kumi na mbili ilikuja baadaye sana, baada ya santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi kuingia sokoni mwaka 1948, nayo ikarithi jina.

Sasa sikiliza kisa cha mpiga piano mmoja, Artur Schnabel. Mwaka 1932 wenye nembo ya HMV, ile ya mbwa anayesikiliza gramafoni, walianza kumrekodi London akipiga sonata zote 32 za Beethoven. Hakuna aliyepata kuzirekodi zote kabla yake. Gharama ilikuwa kubwa, kwa hiyo wakabuni njia: wapenzi wa muziki walijiandikisha na kulipa, kisha sahani zikawafikia kwa awamu. Kazi ikamalizika mwaka 1935. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1933, Wanazi walishika madaraka Ujerumani, na Schnabel, aliyekuwa Myahudi mkazi wa Berlin, akaondoka asirudi kuishi huko. Alipoteza makazi, lakini sonata zake 32 zilikuwa salama London, na mpaka leo hutolewa upya na kununuliwa.

Nimekitaja kisa hicho kwa makusudi. Miaka minne kabla ya Schnabel kuingia studio, yaani mwaka 1928, mwanamama wa Kiswahili alipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi kwa nembo hiyo hiyo ya mbwa. Naye ni Siti binti Saad. Sahani zake zilisikika pwani yote na mbali bara. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na hilo si jambo dogo. Lakini alipofariki mwaka 1950 hapakuwa na aliyezikusanya nyimbo zake zote pamoja kama zilivyokusanywa sonata za Schnabel. Sahani zilibaki zimetawanyika majumbani, nyingine zikavunjika, nyingine zikaliwa na sindano za gramafoni. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya London ilitoa CD moja ya muziki wa Waswahili wa miaka ya 1920 hadi 1950, na sauti ya Siti imo, pamoja na za wenzake. Tunashukuru. Lakini kasha lake mwenyewe, lenye kila wimbo uliopatikana, tarehe, jina la mpiga udi na jina la mpiga fidla, mimi sijaliona dukani.

Hapo ndipo linapoanza jambo ninalotaka kulisema leo. Kasha la nyimbo ni daftari. Anayelikusanya ndiye anayeamua nini kikumbukwe, nani aandikwe jina na nani alipwe. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuvuke bahari twende Marekani, maana huko ndiko biashara hii ilikokomaa. Mwaka 1952 mtu mmoja aliyeitwa Harry Smith, mchoraji na mkusanyaji wa vitu vya kale, alitoa kwa kampuni ya Folkways mkusanyiko wa santuri ndefu sita. Ndani mlikuwa na nyimbo 84 za watu wa kawaida, weusi kwa weupe, zilizokuwa zimetolewa kati ya mwaka 1927 na 1932. Smith alikuwa akizinunua sahani kuukuu kwa bei ya kutupa, wakati ambapo nyingine nyingi zilikuwa zikiyeyushwa ili malighafi itumike tena kwa sababu ya vita. Kitabu chake cha maelezo hakikusema mwimbaji yupi ni mweusi na yupi ni mweupe. Wasikilizaji wakabaki kubahatisha, na wengi wakabahatisha vibaya.

Miongoni mwa waliokuwamo ni John Hurt wa Mississippi, aliyerekodi mwaka 1928, kisha biashara ya santuri ikaanguka na yeye akarudi shambani. Vijana waliousikia mkusanyiko wa Smith wakavutiwa naye. Katika wimbo wake mwingine alikuwa ametaja kijiji cha Avalon. Mwaka 1963 kijana mmoja akakitafuta kijiji hicho kwenye ramani, akaenda, akamkuta mzee yuko hai, na vidole bado vinajua gita. Mwaka huo huo Hurt alipanda jukwaani Newport mbele ya maelfu ya watu, akarekodi tena, na akaishi miaka mitatu ya mwisho ya maisha yake kama msanii anayejulikana. Alifariki mwaka 1966. Angalia kazi ya mkusanyiko, ndugu msomaji! Mtu aliyesahauliwa kwa miaka 35 alirudishiwa jina lake akiwa bado anapumua.

Mambo yalibadilika ilipokuja CD mwaka 1982. Makampuni yaligundua kwamba mtu mwenye santuri nyumbani anaweza kununua nyimbo zile zile mara ya pili. Mwaka 1985 likatoka kasha la Bob Dylan liitwalo Biograph, nyimbo 53, nyingine hazijawahi kutolewa. Likauzika vizuri, na mlango ukafunguka. Mwaka 1988 likaja la Eric Clapton. Mwaka 1991 likaja la James Brown, CD nne. Mwaka 1992 likaja la Bob Marley, CD nne zenye nyimbo 78, likianza na wimbo wake wa kwanza wa mwaka 1962 na kumalizia na sauti yake katika onyesho la mwisho, Pittsburgh, Septemba 1980. Rock, soul, reggae, jazz, muziki wa okestra, kila aina ikapata makasha yake.

Lakini kisa kinachofundisha zaidi ni cha Robert Johnson. Huyu alikuwa mpiga gita wa blues, mtu wa kutangatanga. Alirekodi mara mbili tu maishani: San Antonio mwezi Novemba 1936 na Dallas mwezi Juni 1937. Jumla ni nyimbo 29. Mwezi Agosti 1938 akafa, akiwa na umri wa miaka 27. Mwaka 1990, baada ya migogoro ya haki iliyochukua miaka mingi, kampuni ya Columbia ilitoa kila kilichokuwapo, pamoja na marudio ya studio, kwenye CD mbili. Ukiyahesabu marudio hayo, zilifika rekodi 41. Kampuni haikutegemea makubwa. Yakauzwa makasha zaidi ya milioni moja, likapata na tuzo ya Grammy.

Fedha zilipoingia, swali likawa: mwenyewe ni nani? Marehemu hakuacha wosia. Kesi ikaenda mahakamani Mississippi. Mwaka 1998 mahakama ikaamua kwamba mrithi halali ni mwanawe aliyezaliwa nje ya ndoa, mzee aliyekuwa akiendesha lori la kokoto, na mwaka 2000 Mahakama Kuu ya jimbo ikaukubali uamuzi huo. Mzee akapata zaidi ya dola milioni moja. Baba alikufa masikini, na miaka 60 baadaye nyimbo 29 zikamjengea mtoto nyumba. Bila kasha, pasingekuwa na fedha za kugombania. Na bila kumbukumbu za studio zenye tarehe na jina la mwimbaji, kasha lenyewe lisingewezekana.

Tuje sasa karibu na nyumbani. Hapa Afrika Mashariki hakuna aliyekulia mjini asiyemjua Franco wa Kongo. Alianza kurekodi mwaka 1953 katika studio ya Loningisa ya Léopoldville, akaanzisha O.K. Jazz na wenzake mwaka 1956, na akafariki Ubelgiji Oktoba 1989. Nyimbo zake hukadiriwa kuzidi elfu moja. Kasha la kueleza maisha yake yote ya muziki, tangu 1953 hadi 1989, lilitoka mwaka 2008 na 2009, CD nne kwa mafungu mawili. Lilitoka wapi? Si Kinshasa. Lilitoka London, kwa kampuni ya Sterns. Kampuni hiyo hiyo ilifanya hivyo kwa Tabu Ley Rochereau kuanzia mwaka 2007, akiwa bado hai. Mzee alifariki Novemba 2013. Kazi hizo ni nzuri na maelezo yake ni ya kina. Lakini hebu tupige hesabu. Kutoka nyimbo elfu moja kwenda CD nne, nyingi mno zimebaki nje. Aliyechagua zipi ziingie alikuwa akimchagulia msikilizaji wa Ulaya. Je, mzee wa Magomeni au wa Kariobangi angechagua hizo hizo?

Hali kadhalika taarab na dansi yetu. Mfululizo uitwao Zanzibara, ulioanza mwaka 2005, unatoka kwa kampuni ya Buda Musique ya Paris. Wa kwanza uliadhimisha miaka 100 ya Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905. Mingine ikafuata: taarab ya Mombasa, dansi ya Dar es Salaam ya enzi za Ujamaa, Bi Kidude. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye hawezi kukaa kitako akimngoja mgeni kila siku.

Si kwamba hatukujaribu. Mbaraka Mwinshehe, mzaliwa wa mkoa wa Morogoro, aling'ara na Morogoro Jazz, akafika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Baada ya msiba kampuni ya Polygram ya Nairobi ilitoa nyimbo zake kwa mfululizo ulioitwa Ukumbusho, toleo baada ya toleo. Watu walinunua la kwanza, wakaweka akiba, wakanunua la pili. Kila mpenzi wa Mbaraka alijijengea kasha lake mwenyewe kwenye rafu ya sebuleni. Kwa maoni yangu lile ndilo kasha kubwa la kwanza la dansi ya Tanzania, ingawa halikuwa na sanduku. Upungufu wake ulikuwa upungufu wa kaseti zetu zote za enzi zile, za kampuni yoyote: karatasi moja ya kukunja yenye majina ya nyimbo, basi. Nani alipiga rithimu, nani alipuliza saksafoni, nani alitunga, mwaka gani, hapana.

Na kuna jambo jingine. Kwa miaka mingi bendi zetu zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Kuchapa kulifanyika Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983 njia hiyo ikawa ngumu mno. Matokeo yake, nyimbo nyingi zilizotuchezesha hazikupata kuwa santuri. Zilibaki kwenye utepe wa redio. Sahani iliyochapwa nakala elfu moja, mia tisa zikivunjika bado mia zinabaki. Utepe ni mmoja. Ukiota ukungu au ukifutwa, wimbo umekwenda.

Nayasema haya kama mtu wa redio. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi nikiwa kijana nilikuta rafu ndefu za kanda za rili. Masanduku mengine yaliandikwa neno moja tu, dansi, na tarehe. Mengine hata tarehe hayana. Fundi mzee aliyezijua kwa kuzisikia alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Na palikuwa na desturi kwamba utepe mpya ukikosekana, wa zamani unafutwa, unarekodiwa hotuba. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Bajeti ya utepe mpya haikuwapo na hotuba ilikuwa ya jioni ile ile. Lakini nilishuhudia kwa macho yangu jinsi muziki unavyokufa bila kelele.

Wala tusidhani wenzetu hawajui msiba huo. Tarehe 1 Juni 2008 moto ulizuka katika eneo la studio za Universal huko Hollywood, ukateketeza ghala lililohifadhi kanda mama za muziki. Umma ulikuja kujua uzito wa jambo hilo mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipolichapisha, na mpaka hesabu ya kilichoungua ikawa ya kubishaniwa. Utajiri peke yake haulindi kanda. Kinacholinda ni kuwa na nakala zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja, na orodha.

Sasa nijibu swali la simu ya mkononi. Ni kweli, nyimbo nyingi za zamani zimo humo. Lakini sikiliza vizuri: wimbo wa bendi hii umebandikwa jina la bendi ile, kasi imeongezwa, mwanzo umekatwa, mwaka hakuna, mtunzi hakuna. Simu inakupa sauti, haikupi cheti cha kuzaliwa. Na pasipo jina la mtunzi na la wapigaji hakuna mirabaha. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kazi, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Sitaki kuyasifu makasha kupita kiasi. Yako yanayotolewa ili kumkamua mpenzi: wimbo ule ule mara tano, marudio ambayo msanii mwenyewe aliyakataa, kitabu kizito chenye picha nyingi na maneno machache. Hayo si daftari, ni biashara. Kasha la haki lina mambo matatu: sauti iliyotolewa kwenye kanda mama au sahani bora iliyopatikana, maelezo ya kila wimbo, na makubaliano ya maandishi na msanii au warithi wake. Likikosa la kwanza, linaumiza masikio. Likikosa la pili, linapotosha. Likikosa la tatu, ni wizi uliofungwa kwenye sanduku zuri.

Je, tufanye nini? Kwanza, majina. Wapo wapigaji wa miaka ya sabini na themanini walio hai, na tunapishana nao kwenye daladala. Kila mwenye kinasa sauti, na siku hizi kila simu ni kinasa sauti, amkalishe mzee, amchezee wimbo, amuulize: hapa besi ni nani? Ya tarumbeta ni nani? Aandike. Pili, kanda. Vituo vya redio, vya umma na vya binafsi, vihesabu vilichonacho, vitoe nakala, na nakala moja ikae jengo jingine. Tatu, familia. Watoto wa marehemu watafute mikataba ya wazazi wao katika makabati na chini ya vitanda. Karatasi hiyo iliyokunjamana ndiyo iliyokosekana kwa wengi walipofika kudai.

Hayo hayahitaji mfadhili kutoka nje. Yanahitaji kalamu, simu na subira. Wachapaji wa makasha watakuja, wawe wa London, wa Paris au wa Dar es Salaam. Wakija watuulize sisi, tuwafungulie daftari, tupatane bei.

Juma hili nakuachia kazi moja, msomaji. Chukua wimbo mmoja unaoupenda kuliko yote, wa bendi ya mtaani kwenu au ya mkoa wenu, kisha jaribu kuandika majina ya waliopiga. Ukikwama kwenye jina la pili, nenda kamuulize anayejua, kabla hajatutoka.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.